Aplikativo limesema mume wangu yuko hewani

Admin, nifichie jina, na mtaa wangu usiutaje, maana mji wetu wa Palma tunajuana mpaka kwa miguu. Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nina watoto wawili, naishi kwa mama mkwe wangu. Mume wangu sijui nimwite marehemu au nimwiteje, na hilo ndilo lililonileta kwenu.

Siku mji uliposhambuliwa alitupakia kwenye mashua mimi, watoto na mama yake, kisha akarudi kumfuata mjomba wake aliyekuwa mgonjwa. Mjomba tulisikia amezikwa. Yeye hakupatikana, si mzima si maiti. Tulikaa Mtwara kwa ndugu, tukarudi, miaka ikapita. Mwaka huu shehe na wazee wa familia wakakata shauri: ahesabiwe amefariki, isomwe hitima, nikae eda, kisha niwe huru. Siwafichi, kuna mkulima wa kijiji cha Mute aliyefiwa na mkewe, ameshatamka kuwa ananisubiri, na moyo wangu umemkubali.

Sasa niwaambie ugonjwa wangu. Mie nikisikia kuna aplikativo jipya la simu, situlii mpaka nilijaribu. Nina la saa za swala, nina la kuhesabu siku zangu, la kufundisha Kiingereza lilinishinda siku ya tatu, na la kusafisha picha lilimfanya binti yangu awe mweupe hata bibi yake akauliza huyu ni mtoto wa nani. Mama mkwe hunitania kwamba selulari, yaani simu yangu, imejaa kuliko kichwa changu. Huwa nacheka, maana ni kweli.

Siku mbili kabla ya hitima tulikuwa barazani asubuhi, wanawake saba na nyungo zetu, tunachagua mchele wa hitima. Wifi yangu akataja aplikativo jipya la kupigiana simu za picha, eti halili mega nyingi. Nikafuta mikono, nikalipakua palepale. Likaomba lisome majina yote niliyoyahifadhi, nikabonyeza ndiyo, mie huwa sisomi. Likaleta orodha ya watu wangu ambao tayari wanalitumia. Wa kwanza Baba Zuhura, na pembeni ya jina kidoa cha kijani, maana yake yuko hewani. Baba Zuhura ni mume wangu.

Nililisoma jina lile kwa sauti, jamani. Laiti ningemeza ulimi. Wifi alipiga yowe, mwingine akaanza kusoma dua. Mama mkwe peke yake hakulia. Aliweka ungo chini, akaniomba simu, akakitazama kile kidoa kwa muda mrefu sana, akasema, "Hitima ya mtu aliye hai haisomwi. Rudisheni mchele guniani." Jioni ile shehe akaambiwa, na mambo yote yakasimama.

Wallahi hata mimi niliamini. Nilimwandikia, ni wewe? Kimya. Kidoa kinawaka, kinazima, kinawaka tena wakati nasonga ugali, na mimi mwiko unanianguka. Nikapiga, haikupokelewa. Mkulima wa Mute nikamtumia ujumbe asinitafute kwa sasa. Nilijiona mzinzi na sijafanya chochote. Mama mkwe kila baada ya alasiri aliniuliza kama ameonekana, nami namwambia saa aliyoonekana, naye anaitikia tu na kurudi kwenye tasbihi yake.

Siku ya tisa ikaja sauti. Ya mwanamke. Akasema yeye yuko Pemba, mji wa huku kwetu, si kile kisiwa, anauza kapulana, hizi kanga zetu, na laini hii aliinunua mpya dukani, pengine kampuni iliiona imelala muda mrefu ikaiuza upya. Nililia mpaka kifua kikauma, maana ilikuwa kama kufiwa mara ya pili, na safari hii niko peke yangu. Nikamtumia sauti nikimsihi asimjibu mtu yeyote wa familia hii, kwamba kuna mama mzee hapa, akiujua ukweli huu atakufa.

Akanijibu taratibu, "Dada, mama yako anajua. Ananipigia kila Ijumaa tangu mwaka juzi. Siku ya kwanza nilimwambia mimi si mwanawe. Akasema anajua, anaomba tu nisikate."

Nilikaa chini. Mama mkwe ana kisimu chake cha vibonye, na siku zote nilidhani Ijumaa huwa anaongea na dada yake. Yaani siku ile ya mchele alijua kidoa kile ni cha nani. Alijua, na akasimamisha hitima ya mwanawe mwenyewe, akaniacha mimi nimngoje muuza kapulana. Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo juu yake. Nikaapa Ijumaa nitamkabili, iwe iwavyo.

Ijumaa baada ya swala nilimfuata nyuma ya jiko. Alikuwa amenipa mgongo, simu sikioni, ananong'ona. Nikamsikia anasema, "Mkwe wangu bado yupo, mwanangu. Bado hajaondoka. Nikikubali azikwe yule, na huyu ataniondokea na watoto. Nitabaki na nani?"

Nilirudi ndani kwa vidole vya miguu. Alasiri akanijia na uso wake uleule, akaniuliza kama ameonekana leo. Nikamwambia ndiyo mama, saa saba na robo. Ndiyo saa aliyokuwa akiongea na yule dada, na nilimwona ameelewa. Tukatazamana, akaenda zake kutawadha.

Yule dada wa Pemba yuko radhi kulifuta aplikativo, kidoa kizime kabisa, ila anataka mimi ndiye nimwambie lini. Mtu wa Mute ametuma mtu mara mbili. Na mimi, nikitamka neno moja tu, nitakuwa nimemzika mume wangu na mama yake siku moja. Nyie mlio na mama wakwe, na nyie mliopotelewa na watu, niambieni kwa ukweli: nilitamke?