Tulivyoenda Kukagua Mahali pa Hema Karibu na Fort Ternan

Nyinyi vijana mtakaosoma haya kwa simu zenu, ketini chini kwanza, na msome mpaka mwisho. Mimi ni nyanya wa Kiptere. Shule niliacha mapema, kwa hivyo nitasema vile nilivyoona, na sitapamba.

Sababu ya safari ni Kibet, mjukuu wangu. Mama yake anafanya kazi nchi za Waarabu. Siku aliyoondoka alinishika mikono yote miwili akasema, "Mama, nimekuachia huyu." Maneno hayo nayabeba mpaka leo. Sasa Kibet amekuwa mtu mzima, amenunua ile pikipiki ndefu ya matairi ya meno, ya kupanda milima, na marafiki zake wanazo. Wakapanga waende kundi zima, walale kwa hema, asubuhi waendeshe kwenye vijia vya kuteremka mpaka karibu na reli. Mahali walipata kwa simu: shamba la mama mmoja kati ya Kipkelion na Fort Ternan. Vijia vinaanzia hapo hapo getini.

"Kogo, kila kitu kiko sawa," akaniambia. Kogo ndiyo nyanya kwetu.

"Nani amepaona?"

"Tumepaona kwa ramani."

"Hiyo ramani ililala huko?"

Deno, rafiki yake, alicheka mpaka akamwaga chai. Nikasema hakuna mtu wa nyumba yangu atalala mahali sijaona. Kibet alidhani natisha tu. Aliponiona mlangoni asubuhi nimevaa gambuti na koti la marehemu babu yake, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kwapani, akanivalisha helmeti.

Tulitoka Kiptere kwa pikipiki tatu. Kibet alinibeba mimi. Deno alifuata, na nyuma akaja Faith, msichana anayeendesha vizuri kuliko hao wavulana wote wawili, na wanajua.

"Kogo, unanifinya mbavu!"

"Nitazifinya mpaka turudi."

Kabla ya Kericho mjini tulipita katikati ya mashamba ya chai. Wachumaji walisimama na vikapu mgongoni wakatupungia mkono. Mimi sikupunga. Mikono ilikuwa na kazi.

Kericho niliwaambia tusikae. Wakakaa, wakala chipsi, wakapiga picha na hizo pikipiki kama zimeolewa. Mimi nilikuwa naangalia juu. Mvua ya huku hufika alasiri kama mtu wa kuripoti kazini, na siku hiyo haikuchelewa. Ilitukuta Chepseon, na mawe yake ya barafu, tukakimbilia kituo cha kupimia majani chai. Tulisimama hapo muda mrefu. Roho yangu haikutulia. Nilijua kila dakika tunayokaa tunaila kwa jua letu.

Baada ya Kipkelion barabara ilikuwa matope mekundu. Pikipiki ilikuwa inaelekea huku, gurudumu la nyuma linaelekea kule. Deno alianguka, akaamka anacheka, akaanguka tena, na safari hiyo hakucheka. Nilishuka nikatembea mahali pabaya pote. Nilikuwa nahesabu mawe, mitaro, mashimo, kila kitu kinachoweza kuvunja mguu wa mtoto wa mwenyewe.

Jioni, giza likianza kuingia, tukavuka mto mdogo na kupanda kilima cha yule mama. Injini zote tatu zilikuwa zinanguruma, taa zinamulika nyumba. Kibet alipopunguza moto wa injini ndipo nikasikia. Mwanamke anaita watoto kwa sauti ya kuchanika. Milango inafungwa, mmoja baada ya mwingine. Mtu anagonga debe kuita majirani.

"Kogo, kwani kuna mwizi?" Kibet akauliza.

"Zima. Zimeni zote. Toeni hizo helmeti."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mwizi ni wewe."

Nilikumbuka mwaka ule wa fujo za uchaguzi, Kibet akiwa bado ananyonya. Mimi na mama yake tulilala naye ndani ya majani chai tukimziba mdomo asilie. Watu wa upande huu nao, waliotoka kwa Wakikuyu zamani na kununua mashamba hapa, walilala kwenye miwa. Hilo nilikuwa nalijua. Na bado nimewaletea watu hawa kelele wakati wa giza.

Nikasimama mbele ya pikipiki. "Hodi! Mimi ni nyanya! Nimeleta maziwa!"

Halafu tochi. "Nyanya wa wapi?"

"Wa Kiptere! Nimebebwa kama gunia, mgongo umekwisha. Fungua mlango!"

Nikasikia mtu anacheka ndani, kicheko kile cha kutetemeka. Mlango ukafunguka. Alikuwa mwenye shamba, Cucu Wambui, yaani nyanya Wambui kwao, mama mdogo wa mwili, panga mkononi. Aliliweka nyuma ya mlango haraka kama mtu anayeficha sufuria chafu wageni wasione.

"Huyu kijana alinipigia simu," akasema. "Mimi nikajua watakuja mchana, na gari, kama watalii."

"Pole, Cucu. Tulinyeshewa," Kibet akasema.

"Mtoto wangu, mara ya mwisho vijana kuja hapa kwa kundi jioni, hawakuja kulala."

Kibet akaniangalia. Sikuwa nimewahi kumwambia hayo. Sisi wazazi tulidhani tukinyamaza yataisha.

Tulikula mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi, tukanywa mursik. Cucu akaangalia ndani ya kikombe. "Haya maziwa yako yana majivu."

"Hayo majivu ndiyo utamu."

"Kwetu majivu tunamwaga nje." Lakini aliongeza kikombe. Usiku huo nikamsimulia Kibet mambo ya mwaka ule.

Asubuhi Kibet alitaka kuwasha pikipiki ajaribu kijia. Nikamwambia atembee kwanza, na mimi nitamfuata. Kijia kilikuwa kizuri kweli, kipana, hakina mawe. Nilianza hata kujilaumu kwa woga wangu. Tukapinda kona penye mkonge, na Kibet akasimama ghafla.

Seng'enge. Mpya, imefungwa mti kwa mti, imekazwa. Kibet alisogea mpaka ikamgusa chini ya kidevu, na bado alikuwa amesimama kwa miguu yake. Akakunja magoti kidogo, kama mtu aliyeketi juu ya pikipiki. Ikamfika machoni. Mimi nilishika mkonge, na miba yake sikuisikia.

Mzee mmoja akatoka kwenye mahindi, jirani wa Cucu.

"Nani amefunga hii?" nikamuuliza.

"Ni mimi. Nilisikia pikipiki nyingi zitakuja kupita kwangu. Sikuambiwa ni za nani."

"Ni za huyu. Mjukuu wangu."

Akaniangalia. "Kumbe wewe ndiye nyanya wa kupiga hodi kama mtu wa mnada?" Akamgeukia Kibet. "Na wewe ni wa nani?"

Kibet akataja jina lake, la mama yake, langu, na Kiptere. Yule mzee akaenda nyumbani kuchukua koleo. Alikata seng'enge mwenyewe, akaikunja, akaibeba begani.

Tuliporudi, kibuyu changu hakikurudi kitupu. Cucu alikijaza njahi, yale maharagwe meusi ya kwao. Kibet aliendesha pole pole njia yote bila kuambiwa.

"Kogo, leo hunifinyi."

"Nafikiri."

Nilikuwa nafikiri vile niliogopa matope na mawe, nikakagua ardhi yote, na watu sikuwakagua. Kijia unachoona kitupu kwa simu kinapita mlangoni kwa mtu, na huyo mtu ana yake anayoogopa.

Jioni hiyo niliita nyumba yote, pamoja na Deno na Faith. Nikawaambia Kibet ameshanisikia mambo ya mwaka ule, na wao pia watanisikia kabla ya kula. Halafu nikatoa amri:

"Mtaenda. Mtafika jua likiwa juu, na chipsi mtakula mkirudi. Kwa ule mto mzime pikipiki zote, mvue helmeti, msukume mpaka kwa Cucu. Kila mlango msimame mseme nyinyi ni wa nani. Na asubuhi, kabla mtu yeyote awashe, Kibet atapita kijia chote kwa miguu."