Mama Yesu

Nina hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe. Miaka imepita lakini nikikumbuka ile siku ya mafunjo damu inanichemka kama jana.

Seline Anyango ameolewa boma letu. Mume wake Walter na mume wangu ni tumbo moja. Aliletwa kutoka Katito akiwa bado msichana, kwa hiyo huku ufuoni, chini ya Kisian, kila mtu alimwita Nyar Katito, yaani binti wa Katito. Mke yeyote mgeni huitwa hivyo mwanzoni. Halafu anazaa, jina hilo linawekwa kando, anakuwa Mama Fulani. Mimi nilizaa mapacha upesi, nikawa Mama Opiyo kabla sijawajua majirani wote. Seline alikaa miaka. Mimba mbili zilitoka. Wasichana walioolewa nyuma yake wakawa mama huyu na mama yule, na yeye bado Nyar Katito, na kuna wanawake waliolitamka jina hilo kwa kulivuta ili aumie.

Hakuwa mtu wa kulalamika. Alianika omena, dagaa wa ziwani, akauza Kisumu, Jumamosi akafua na kupiga pasi vitambaa vya altare vya kigango chetu. Walter alikuwa fundi baiskeli Kondele, akija nyumbani mwisho wa wiki. Siku moja tukianua omena Seline aliniambia, "Mama Opiyo, mimi sitaki mambo mingi. Nataka tu siku moja nisikie mtu ananiita mama ya nani."

Mwaka wa themanini na sita akajifungua mvulana.

Kwetu marehemu ndiye anayechagua mtoto wa kubeba jina lake. Mtoto mchanga akilia bila sababu, wakubwa humtajia majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na akinyamaza, aliyetajwa ndiye anayetaka kuitwa. Ukimnyima mtoto jina alilojibu, atadhoofika. Hata wale waliovaa rozari shingoni waliamini hivyo, wasinidanganye.

Basi huyu wa Seline alilia. Mama mkwe wetu, Beldina, akampakata akaanza. "Kama ni wewe Oduor, nyamaza." Kilio. "Kama ni wewe Laban." Kilio zaidi. Akataja shangazi, akataja mjomba aliyekufa maji, akataja mpaka watu ambao mimi sikuwahi kuwasikia. Mwishowe jasho likimtoka akaketi kwa kishindo, akasema kwa uchovu, "Yesu! Mtoto gani huyu?"

Mtoto akanyamaza kabisa, akamkodolea macho.

Beldina akarudia haraka, "Oduor! Oduor!" Kilio. Kisha Seline, pale kitandani, akasema polepole, "Yesu," na mtoto akatulia, akanyonya, akalala. Nilikuwepo. Niliona kwa macho yangu haya.

"Basi amejibu," Seline akasema.

Na hapo ndipo ujinga ulipoanza.

Beldina alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kigango. Habari zilipomfikia katekista wetu, Joram, Beldina alijitia hamnazo. Mimi? Mimi sijataja jina lolote, mimi nilikuwa nimechoka tu, huyu msichana ndiye amejitungia. Alisema hayo mbele yangu, bila haya, nami nikiwa nimeshika beseni la nepi za mtoto. Nilimwambia, "Mama, tulikuwa sote pale." Akanigeuzia mgongo.

Joram akaja na koti lake la Jumapili. "Mama, hiyo si jina ya kupea mtoto. Hiyo ni kufuru. Mpatie Emanuel, tutambatiza hata mwezi huu Padri akikuja."

"Emanuel maana yake nini, Mwalimu?" Seline akauliza.

"Mungu pamoja nasi."

"Sasa huyo Mungu wa Emanuel na huyu wa Yesu ni wawili?"

Joram akakohoa. Yeye mwenyewe alikuwa na wana watatu, Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli, malaika wakuu wote wamekaa mezani kwake wakigombania ugali, na hilo halikuwa kufuru. Wabwire, mvuvi aliyehamia kwetu kutoka Samia, alicheka mpaka akashika mbavu. "Yawa, kwetu ndugu yangu anaitwa Were, na Were ni Mungu wa nyanya zetu. Mpaka leo radi haijampiga. Amenona tu."

Wazee wa ukoo nao wakatoka upande mwingine. Jina ni la marehemu wetu, wakasema, na Yesu si wa ukoo huu, tena alifufuka, kwa hiyo hawezi kuhesabiwa pamoja na waliokufa. Unaona? Kanisa linasema jina ni takatifu mno kwa mtoto, wazee wanasema mwenye jina hakufa vya kutosha, na katikati ameketi mwanamke anayenyonyesha. Walter naye, ambaye ningetegemea aseme neno, alinong'ona tu, "Si tumpe hiyo Emanuel watu wanyamaze?"

Seline alikataa. "Alijibu mwenyewe. Nikimbadilishia akiugua, nitamlaumu nani?"

Mtoto hakubatizwa. Seline akaondolewa kwenye vitambaa vya altare, wakapewa wengine ambao pasi zao zilikuwa zikiacha alama. Hayo yote aliyameza. Lililomkata maini ni kwamba hakuna aliyemwita. Amezaa, mtoto anatembea, anaongea, na bado ni Nyar Katito sokoni, Nyar Katito kisimani. Wengine walimtania, "Maria, Yosefu yuko wapi?" Mimi pekee nilimwita Mama Yesu, na Wabwire. Kinywa changu kimoja kilikuwa hakitoshi, nilijua.

Sasa ile siku. Mtoto alikuwa na miaka minne. Mimi na Seline tulikwenda Kisumu kuuza omena, tukamwacha kwa Beldina. Tuliporudi jua limeinama, tulikuta watu wametapakaa ufuoni. Bibi alikuwa amesinzia, mtoto akaingia kwenye mafunjo. Kwetu mafunjo ni marefu kuliko mtu, yamefuata maji hadi huko usikoona, na jioni viboko hutoka humo kwenda kula.

Na nikasikia wanavyomtafuta. "Emanuel! Emanuel!" Joram mbele, wanaume nyuma yake, sauti nzito nzito. Tangu mchana! Nusu siku watu wazima wanayaitia mafunjo jina ambalo mtoto hajawahi kuitwa hata mara moja katika maisha yake.

Seline alitupa beseni lake. "Mwiteni jina lake!" Akawashika wanaume mikono mmoja mmoja, akawaomba. "Baba, tafadhali, mwite jina lake, atakuja." Wakajikausha. Joram akasema tuendelee na Emanuel na maombi. Nilimwambia neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Mimi nikakimbilia upande mmoja nikiita, Seline upande mwingine, Wabwire akaingia na mtumbwi, lakini ghuba ni kubwa na sisi tulikuwa sauti tatu tu.

Ndipo Beldina, aliyekuwa ameketi mchangani, akasimama. Akavua kitambaa cha kichwa, akakipunga, akapaza sauti ambayo sikujua anayo.

"Yesu! Yesu wuod Walter, mwana wa Walter! Njoo kwa Dani, njoo kwa bibi yako!"

Joram akamshika bega. "Mama Mwenyekiti!"

"Niachilie! Ni mimi nilimwita hivyo siku ya kwanza. Ni mimi, si huyu msichana. Yesu!"

Wanawake wa kigango wakamfuata, kisha wanaume, haya ikawatoka wote, ufuo mzima ukaita. Haikuchukua muda. Sauti ndogo ikajibu kutoka kwenye mtumbwi mbovu uliokwama ndani ya mafunjo, na Wabwire akamleta amembeba mabegani, miguu ina matope, hana hata mchubuko.

Beldina alimpokea, akamshika uso, akamfuta kwa kile kitambaa. Kisha akageuka, na mbele ya watu wote wale akasema, "Mama Yesu, chukua mtoto wako."

Seline aliketi pale pale majini akalia, na mimi nikalia naye, kwa furaha na kwa hasira, kwa sababu neno moja lile lingesemwa miaka minne nyuma lisingemgharimu mtu chochote.

Mtoto alituangalia tukilia, akaona kuna jambo halijakwisha. Akamgeukia Joram. Alikuwa amewasikia wakiita mchana kutwa, akasema, na yeye pia alitafuta, alitafuta mpaka akachoka.

"Mwalimu," akauliza, "Emanuel amepatikana?"