Seva Zote Zikakonyeza

Kazi yangu inanifaa kwa sababu haidai kufungua mdomo. Mimi naketi upande huu wa kioo, seva arobaini zimepangwa kabatini upande ule, na nikiandika amri moja zinatii zote kwa pamoja. Binadamu hawajawahi kunitii hivyo. Nyumbani nikiomba chumvi mezani, anapewa mjomba.

Asubuhi hiyo seva moja ilikuwa mbovu. Nilishaiondolea kazi, ikabaki kuchomolewa tu. Zile nyingine zilikuwa zinapiga hesabu za mafuriko za mtafiti mmoja, mama wa makamo aliyezisubiri tangu mwezi uliopita. Alikuwa ameketi nyuma yangu, anapuliza chai yake kisogoni kwangu. Ikichomolewa nyingine yoyote, hesabu zake zinaanza upya.

Fundi akaingia kwenye chumba cha seva, akaacha mlango wazi kidogo. Kwa kuwa seva zinafanana kama mapacha, tuna utaratibu: mimi naiwashia ile mbovu taa ya buluu inayopepesa, yeye anaichomoa.

Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimeziuliza seva zote kiwango cha joto. Basi, kwa uvivu wa mtu mwenye shahada, nikairudisha amri ileile na kubadilisha mkia wake: badala ya kupima joto, washa taa. Kichwa cha amri sikukigusa. Kichwa kilisema: zote.

Nikabonyeza. Chumba kizima kikawa buluu.

"Dada!" fundi akaita huku anacheka. "Zote zinanikonyeza! Nichukue ipi?"

Mimi sijawahi kukonyezwa hata na mmoja, lakini hayo tuyaache. "Usichukue yoyote," nikasema, kwa sauti ninayoitumia maktabani. Feni zikaimeza.

"Kimya? Haya, naanza na hii ya karibu." Akashika mpini.

Na mimi nikafanya nini? Nikainamia kibodi, nianze kuandika amri ya kuzima taa.

"Mwanangu, unaandika nini?" mtafiti akaruka. "Sema naye!"

"ACHA!" nikapayuka. "Mikono juu!"

Hayo ya mikono sijui yalitoka wapi. Nadhani ni riwaya za upelelezi ninazosoma kitandani. Fundi akainua mikono. Mtafiti naye akainua ya kwake, kikombe na chai yake.

Nikaandika upya: zote zizime taa, isipokuwa ile mbovu, ambayo safari hii niliitaja kwa jina lake.

"Soma kwa sauti kabla hujabonyeza," mtafiti akaamuru, anapangusa chai begani kwake.

Nikasoma. Nikabonyeza. Taa zikazimika, ikabaki moja, safu ya chini kabisa, mbali na fundi. Kwenye skrini hesabu za mafuriko zilikuwa bado zinasonga, na nyuma yangu mtu akashusha pumzi ndefu.

"Afande," fundi akaita, mikono bado hewani, "sasa naruhusiwa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hakuniona, alikuwa amenipa mgongo. Ikabidi nipayuke tena.