Nilisomea ukuhani wa miungu ya Warumi Birmingham, wakashindwa kutamka jina la mama yangu

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa shikamooni, vijana tutasalimiana kwenye comments.

Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu na kila nikilikumbuka damu inachemka. Leo nalitema. Sitaongeza chumvi, lenyewe limekolea tayari. Wa kusema "hii chai" aseme, ila asome mpaka mwisho kwanza.

Ni miaka ile ya elfu mbili na kitu. Nipo Birmingham, nabeba box kwenye warehouse, naishi Handsworth, nyumba ya kushea. Mwenzangu ndani ya nyumba ni Mkongo wa Bukavu, Papa Jérémie, mtu mzima, mlokole wa kufunga na kusali. Huyu mkumbukeni, atarudi.

Mama yangu akafariki Tarime.

Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado Home Office, uhamiaji wa kule. Ukitoka, hurudi. Wanaojua wanajua.

Mama kazikwa mimi nasikiliza kwenye simu, calling card ile ya kukwangua. Ikakata wakiwa ndiyo wanamshusha. Kesho yake nikaingia kazini, supervisor ananiuliza weekend ilikuwaje. Nikamwambia nzuri.

Kwa hiyo ambaye hajazikiwa mama yake kwenye simu asinihukumu kwa yanayofuata.

Wiki chache baadaye nipo library, naona kikaratasi kwenye ubao wa matangazo. Juu kimeandikwa kwa Kiingereza: Honour your dead. Chini kuna siku ya Jumamosi na namba ya nyumba, Balsall Heath.

Wakuu, nilidhani ni group la counselling!

Nikaenda. Nikakuta Wazungu wanane kwenye sebule ndogo wanakunywa chai. Ukutani kuna kabati dogo limewekwa visanamu, mshumaa na kibakuli cha ubani. Kiongozi wao anaitwa Colin, mwalimu mstaafu, mpole, sweta limetoboka kiwiko.

Colin akanieleza. Wao wanafufua dini ya Warumi wa kale, ile iliyokuwepo kabla ya kanisa. Si maigizo, wanaamini kabisa. Kila nyumba inakuwa na kabati lake la kusalia miungu inayolinda nyumba, wanaiita Lares. Na kila Februari wana siku za kuwakumbuka wafu wao. Mnatoka nje, mnaweka nafaka, chumvi kidogo, mkate uliochovywa kwenye mvinyo, na maua. Halafu majina ya marehemu yanaitwa kwa sauti, mmoja mmoja.

Sasa nyie niambieni, hilo kwetu linaitwaje?

Babu yangu alikuwa anamwaga pombe ya mtama chini na kutaja majina ya waliotangulia. Wakaja wamishenari wakamwambia huo ni ushenzi, aache, akabatizwe. Akaacha. Leo mjukuu wake nimekaa Balsall Heath, Mzungu ananifundisha tambiko kwa Kilatini. Nilicheka moyoni, nawaambia ukweli.

Ila pale kwenye majina kuitwa kwa sauti, pale nilishikwa. Nikauliza, na mimi naweza kumwita mama yangu?

Colin akasema anayeita majina ni kuhani peke yake. Wengine wanaandika jina kwenye karatasi, kuhani anasoma. Lakini ukuhani unafundishwa, unachukua mwaka mmoja, na mlango uko wazi kwa mtu yeyote.

Mwaka mmoja nimwite mama yangu mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nikakubali siku hiyohiyo.

Basi nikaanza shule. Kila asubuhi kabla ya kwenda kubeba box, nanawa mikono, najifunika kichwa kwa kitambaa cheupe, nawasha ubani kwenye kabati nililolitundika chumbani, nasema dua ya Kilatini. Jumamosi naenda kwa Colin. Nimeandika essay mpaka vidole vikaota sugu.

Wakanipa na jina la Kirumi. Wengine walichagua wenyewe majina ya kishujaa, mimi nikapewa Afer. Nikauliza maana yake nini. Maana yake Mwafrika.

Nikalipokea. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, lakini mtu ukiwa na shida yako unameza mengi.

Sasa sikilizeni sheria yao kubwa, maana ndiyo iliyoniumiza. Colin aliirudia kila Jumamosi: ibada haikosewi hata neno moja. Ukikosea neno, unarudi mwanzo kabisa. Unanawa upya, unajifunika upya, ubani upya, dua upya. Hata watu wakiwa wamesimama, wote kimya. Alisema zamani hata panya akilia katikati ya ibada, inarudiwa. Na jina ndilo kubwa kuliko yote, likikosewa dua haimfikii mwenyewe, ni barua yenye postcode ya mtu mwingine.

Mimi sheria hiyo niliipenda. Nilijisemea hawa watu hawatanii.

Tatizo langu moja tu. Mimi Mkurya. Wakuu mnatujua, L kwetu haipo, tunayo R. Watu wanasema kula, sisi tunasema kura, siku ya uchaguzi ndiyo tunaelewana na taifa zima. Irabu za Kilatini zilikuwa ugali kwangu, a e i o u kama Kiswahili chetu. Colin mwenyewe alikiri nawapita wote pale ndani. Lakini nikifika kwenye Lares, mdomo unasema Rares.

"Again, Afer. From the beginning."

Narudi bombani. Nanawa. Naanza.

Nilifanya mazoezi kila mahali. Kwenye basi la Soho Road nimekaa nasema lala, lala, lala, mzee mmoja Singasinga mwenye kilemba cha bluu akanigeukia, akanipa peremende. Sijui alifikiri nina mtoto mchanga au nimechanganyikiwa.

Papa Jérémie naye akawa ananisikia asubuhi kupitia ukuta. Siku moja akanisimamisha kwenye ngazi. "Ndugu, uko nasema na nani mule chumbani?" Nikamwambia nasoma. Akatikisa kichwa, akasema, "Miye nitakuombea." Nikampita. Nilijua nikimweleza ataniletea mchungaji na mafuta ya upako, kwa hiyo sikumweleza chochote. Hata kwamba mama amefariki sikumwambia.

Mtihani ukafika mwezi wa kwanza. Nimesimama mbele yao wote, kichwa kimefunikwa, dua nzima naijua hata ukiniamsha usingizini.

Rares.

Colin akainua kidole. Nikaenda kunawa. Mara ya pili, Rares. Ya tatu ikatoka vizuri, nikafurahi, nikateleza kwenye neno lingine lenye L mbili. Nilirudia mara saba, wakuu. Saba! Maji ya bomba la Birmingham mwezi wa kwanza mnayajua, vidole vilikuwa havisikii kitu. Hakuna aliyesema basi, amejitahidi. Ya saba ikakataa, Colin akaninyooshea mkono, akasema tutajaribu tena mwakani. Miungu inastahili usahihi, akasema.

Niliumia, lakini sikulalamika. Sheria ni sheria, na mimi nilikuwa nimeikubali.

Kwa hiyo Februari ile jina la mama likawa la kuandikwa kwenye karatasi. Nikaandika herufi kubwa: BHOKE CHACHA. Chini yake nikamwandikia Colin jinsi ya kutamka, BO-KEH, vipande viwili. Nikamtamkia na kwa mdomo, na nikamweleza Chacha ni jina la babu yangu mzaa mama. Akaitikia vizuri sana, "of course, of course."

Jumamosi ikafika. Mchana, baridi kali, tumesimama kwenye kibustani nyuma ya nyumba yake. Mkate upo, mvinyo upo, maua yapo. Nimechukua off kazini, nimevaa suti niliyokuwa nimeinunua kwa ajili ya kumzika.

Colin akaanza kusoma majina. Akamwita mama yake mwenyewe, sauti ikatetemeka kidogo, tukasubiri kimya mpaka akatulia. Akaita wengine, Margaret nani, Arthur nani. Pole pole, kila jina na mkate wake.

Akafika kwa mama yangu. Akaisogeza karatasi, akaitazama.

"Bouk," akasema. Kama unavyosema smoke. "Bouk Cha-cha."

Mtu akacheka.

Ni kile kicheko cha puani, cha mtu anayejizuia. Cha-cha, si ndiyo ile dansi. Colin akatabasamu naye kidogo, akaweka kipande cha mkate chini, akaenda kwenye jina linalofuata.

Nikasema, "Colin, rudia."

Akaniashiria na mkono ninyamaze.

Nikasema, "Jina umekosea. Na mtu kacheka. Kwa sheria yako tunaanza mwanzo, twende tukanawe."

Wote wakageuka kuniangalia kana kwamba mimi ndiye nimeharibu ibada. Colin akanijibu kwa upole uleule, upole huo ndio ulionimaliza. "It's a foreign name, Afer. They know who we mean."

Wanajua tunamaanisha nani!

Nikamuuliza, "Niliposema Rares, hawakujua namaanisha nani?"

Akasema ile ni tofauti, ile ni ibada yenyewe.

"Na mama yangu ni nini?"

Akaangalia karatasi yake, baridi inatupiga, akasema tusiwacheleweshe wenzetu. Panya akilia, tunarudia. Mama yangu akichekwa, tunawachelewesha wenzetu. Mwaka mzima nimenawishwa mikono kama mtoto mdogo kwa ajili ya herufi moja ya miungu yao, na yeye herufi tano za mama yangu zimemshinda, na nilikuwa nimemwandikia!

Nilitaka nimwite palepale, kwa sauti, wasikie jina linavyotakiwa. Mdomo ukafunguka kabisa. Halafu nikaona hapana, hapa wamemcheka, simwiti hapa. Nikavua kile kitambaa cha kichwani, nikakiweka juu ya meza karibu na mvinyo wao, nikatoka.

Nilitembea Balsall Heath yote nalia, wakuu, mwanaume mzima na suti yangu, watu wanatoka kununua naan wananipisha njia. Ile haikuwa huzuni. Ilikuwa hasira tupu.

Nafika nyumbani, Papa Jérémie yuko jikoni anapika sombe, sisi tunaita kisamvu. Akaniona.

"Ndugu, nini?"

Sikuwa na nguvu ya kuficha. Nikamwaga yote, kabati, ubani, miungu, mara saba, mpaka kicheko. Nikakaa nasubiri mahubiri. Nilijua sasa naambiwa nimecheza na mapepo.

Akazima jiko. Akaniuliza kitu kimoja tu.

"Mama yako aliitwaka nani?"

"Bhoke."

"Bhoke," akasema.

Mara ya kwanza. Bila karatasi. Mtu wa Bukavu ambaye hajawahi kuiona Tarime wala kumjua Mkurya zaidi yangu.

"Mama Bhoke nani?"

"Chacha."

Akavua kofia yake ya sufu, akaishika kifuani. "Mwaka muzima tunaishi pamoja, hukuniambiaka," akasema, na nikaona amekasirika kweli. "Na miye nilikuwa naombea shetani zako, kumbe ni matanga." Akasimama wima katikati ya jikoni. "Mama Bhoke Chacha. Utusamehe, hatukukulilia."

Na mimi nikasimama. Nikamwita mama yangu kwa Kikurya, kwa R zangu zote. Nilimwita mara moja tu, wala haikuhitaji kurudiwa. Halafu Papa Jérémie akaniwekea sombe, tukala, nikamsimulia mama alivyokuwa.

Wiki iliyofuata ikaja email ya Colin. Wananikaribisha kurudia mtihani mwakani, kelele zile wamezisamehe. Imeanza na "Dear Afer". Nikajibu mstari mmoja: hakuna mtu wa jina hilo hapa.

Sasa funzo, maana najua mtaniuliza. Sisemi dini yao mbaya, wala sisemi Wazungu wote wako hivyo. Mkate na mvinyo kwa wafu sina ugomvi nao, babu yangu alifanya kabla yao. Ninachosema, msikubali sheria inayowabana nyie tu. Mtu akikurudisha mwanzo mara saba kwa neno lake, siku akikosea lako naye akanawe. Akikataa, beba kitambaa chako uondoke, au kiache kama mimi. Na ukifiwa ugenini, mwambie unayeishi naye nyumba moja. Mimi nilizunguka mwaka mzima kutafuta wa kumwita mama, na aliyeweza alikuwa upande wa pili wa ukuta.

Karibuni mchangie. Wa kunitukana kwa kuabudu sanamu mnitukane, nimezoea. Wa kunicheka kwa Rares nicheke, hata mimi nacheka. Ila atakayemtaja mama yangu kwenye comment yake aandike vizuri. Anaitwa Bhoke. Akikosea, afute, arudie mwanzo.