Kisigino cha Mjomba

Miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaingia na mizani zao, mimi nilikuwa fundi cherehani hapa Bariadi. Washabiki wa mpira wa kikapu walikuwa wakikaa barazani kwangu kubishana, kwa sababu uwanja ulikuwa ng'ambo ya barabara tu. Wengine walileta jezi za mitumba nizipunguze, wengine hawakuleta chochote ila mdomo. Nami mdomo ninao, tena haujawahi kuwa na breki. Haya ninayoyaandika yalitokana na mdomo huo.

Timu yetu ilikuwa ya wafanyakazi wa jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba. Mjomba wangu alikuwamo. Mama yake na bibi yangu mzaa mama walizaliwa tumbo moja, kwa hiyo nilimwita mjomba ingawa alinizidi miaka miwili tu. Hakuwa mfungaji. Mechi nzima angeweza kumaliza bila kurusha mpira ringini hata mara moja, na wala hakujali. Yeye kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya mtu na kumnyima njia. Nilimjua vizuri kuliko wengine, kwa kuwa nilizoea kumtazama miguu: kila alipotaka kuzuia, kwanza kisigino chake cha kulia kiliinuka kidogo, kisha mwili wote ukafuata, na mpira ukaishia mikononi mwake.

Kule Dutwa mnunuzi mmoja binafsi alianzisha timu yake ili wakulima wamzungumzie. Alikuwa na mfungaji mrefu aliyemtoa Mwanza, na alikuwa hana mtu wa kutenganisha pamba safi na pamba fifi, ile yenye madoa, kwa kuitazama tu. Mjomba aliijua kazi hiyo. Kamati yetu ikakaa na yule mnunuzi, wakakubaliana: sisi tumpate yule mrefu pamoja na mipira miwili mipya ya ngozi, wao wampate mjomba, acheze kwao na awe karani wa kununulia pamba. Mjomba aliambiwa mambo yakiwa yameshakwisha. Mimi ndiye niliyeifumua namba yake mgongoni mwa jezi na kumshonea yule mrefu, nikaongeza kitambaa chini kwa sababu jezi ilimwishia kitovuni.

Barazani moto ukawaka. Fundi baiskeli, jirani yangu wa upande wa kulia na kiongozi katika sungusungu, walinzi wa jadi wa mtaa wetu, alisema kamati imetumia akili, kwani kuwa na mchezaji asiyefunga ni sawa na kumlisha ng'ombe asiye na maziwa. Mwalimu mmoja mstaafu alimjibu kwamba anayehesabu mabao ya kwetu tu hajui mchezo, ahesabu na yale ambayo wenzetu walishindwa kufunga. Walibishana hivyo wiki nzima. Mimi nilikuwa upande wa mwalimu, lakini sikusema sana, maana yule mrefu alikuwa ameniletea suruali tatu za kupunguza.

Tukafungwa mechi ya kwanza. Tukafungwa ya pili. Ya tatu, hapa hapa nyumbani, yule mrefu alirusha vizuri kabisa, mpira ukazunguka juu ya chuma cha ringi, ukazunguka tena, ukatoka nje. Ikawa hivyo mara tatu dakika za mwisho. Jioni ile baraza ilikuwa na huzuni, na mimi sipendi huzuni, hasa dukani kwangu. Nikasema, "Mnalaumu nini? Mke wangu amekaa juu ya ringi. Hashuki mpaka mwanawe arudi."

Wote walijua mke wangu ni nani. Ni mama yake mjomba. Kwa desturi yetu bibi na mjukuu ni watani, yeye aliniita mume wangu mbele za watu na mimi nilimwita mke wangu, na katika utani huo hakuna lisilosemeka. Yeye alishawahi kuniita mwizi wa kuku mbele ya wakwe zangu. Mimi nilishamwita mchawi mara nyingi, naye akanijibu kwamba angekuwa mchawi angeanza na mimi. Watu walicheka, baraza ikachangamka, nikafunga duka nikiwa na furaha.

Kosa langu lilikuwa kusahau kwamba utani ulikuwa wangu peke yangu. Maneno yale niliruhusiwa kuyasema mimi mjukuu, na fundi baiskeli hakuruhusiwa. Baada ya siku kama kumi aliyarudisha kwangu, safari hii hacheki. Alisema kwenye pampu ya maji wanawake wanaongea kwamba yule bibi ameifunga ringi. Kuna aliyemwona alfajiri akipita katikati ya uwanja na ufagio. Na macho yake, akaongeza, si tunayaona.

Macho yake yalikuwa mekundu, kweli. Alikuwa amepikia mabua ya pamba maisha yake yote, katika jiko lisilo na dirisha. Nikamwambia fundi baiskeli kwamba ni mimi niliyesema, na nilisema kwa utani. Akanitazama kwa huruma, akaniambia labda midomo yangu ilitumwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Niliogopa kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuogopa, hadi nikajichoma sindano ya cherehani kidoleni. Siku mbili baadaye, mchana kweupe, walikuja vijana wawili kwa baiskeli moja. Sikuwajua, na hawakuwa na nguo ya kushona. Waliniamkia kwa heshima zote, wakasimama kidogo wakitazama vitambaa, kisha mmoja akauliza, "Yule bibi wa ringi, analala na nani?"

Kwetu miaka ile hakuna aliyesikia swali kama hilo asijue mwisho wake. Vikongwe walikuwa wakikutwa asubuhi wamekatwa mapanga, na kosa lao lilikuwa macho. Nikajikaza kisabuni, nikajibu kwamba analala na wajukuu wanne, wanaume watupu. Ulikuwa uongo. Alilala peke yake na ndama. Walinishukuru, wakaondoka taratibu, nami nikakaa nimeushikilia mkono wa cherehani bila kuuzungusha.

Nikaenda kwake. Nilimsihi ahamie Migato kwa binti yake. Alicheka, akaniuliza kama nimepata mke mdogo ninayetaka kumleta mle ndani. Nilipomweleza habari ya wale vijana, hakucheka tena. Alifikiri, akisukasuka kamba ya ndama, kisha akasema hatahama. Akihama watasema amekimbia, na wakisema amekimbia watamfuata hata huko. Nilijua anasema kweli, na nikamchukia kidogo kwa kusema kweli.

Kesho yake nilipanda baiskeli hadi Dutwa. Nilimkuta mjomba kwenye kituo cha kununulia pamba, mkono wake umezama ndani ya gunia. Nilimweleza yote, wale vijana, pampu, ufagio, na kwamba maneno ya mwanzo yalitoka kinywani mwangu. Nilitegemea anipige. Ningefurahi angenipiga. Aliendelea kuchambua ile pamba, akitupa huku safi na huku fifi, kisha akauliza timu yake inakuja kucheza kwetu lini. Alijua kabisa ni Jumamosi.

"Mpwa," akasema, "Jumamosi mlete mama uwanjani. Mkalishe chini ya ringi mtakayofungia kipindi cha pili. Watu wote wamwone. Mkishinda yeye akiwa pale, maneno yatakwisha."

"Na tukishindwa?"

Alilifunga lile gunia kwa kamba, akaikaza kwa goti. "Hamtashindwa," akasema.

Jumamosi nilimleta, mkono mmoja umebeba kigoda chake na mwingine umemshika yeye. Alikuwa amejifunga kaniki mpya. Watu walitupisha njia zaidi ya ilivyohitajika, na nilipomkalisha chini ya ringi, pande zote mbili za kigoda zikabaki wazi. Nikawaona wale vijana wawili. Walikuwa wamesimama nyuma ya fundi baiskeli, sijui kama walimjua au ilitokea tu, baiskeli yao imeegemea nguzo. Bibi hakujua chochote kuhusu mchezo ule, alikuwa akiniuliza kila mara, "Mume wangu, wetu ni wapi?" nami sikujua nimwoneshe akina nani.

Mjomba alicheza. Hilo lilinitisha kuliko yote. Kipindi cha kwanza alimbana yule mrefu hadi akawa anarusha mipira hovyo, kwa sababu, nadhani, kama angemwachia tangu mwanzo kila mtu angejua. Mwalimu mstaafu alikuwa akinigonga bega akisema, unaona tulichokitoa, unaona. Mimi sikuona kitu ila wale vijana. Kila mjomba alipozuia, fundi baiskeli aligeuka kumtazama bibi, na waliomzunguka wakageuka pia.

Ikafika mwisho, timu zimelingana, mwamuzi ameshaitazama saa yake mara mbili. Yule mrefu akapata mpira, akaja moja kwa moja kwenye ringi ya bibi, na mbele yake akabaki mtu mmoja tu. Niliitazama miguu ya mjomba. Kisigino cha kulia kikainuka.

Nilijua mwili wake umesahau. Umefanya kazi ile miaka mingi, hauwezi kuambiwa vingine kwa siku moja. Nilifumba macho, nikayafumbua papo hapo kwa kuogopa kutoona. Kisigino kikashuka chini. Yule mrefu akapita ubavuni mwake, mpira ukaingia ringini bila kugusa chuma, ukaanguka chini, ukadunda mara moja na kutua mapajani mwa bibi.

Uwanja uliingia wazimu. Fundi baiskeli ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfikia bibi, akamwinua kutoka kwenye kigoda, akacheza naye. Watu wakasema bibi ameshuka ringini, wakacheka, na kicheko kilikuwa kile cha barazani kwangu siku ya kwanza. Nilipotazama kwenye nguzo, baiskeli haikuwapo. Nikakikalia kigoda cha bibi.

Fundi baiskeli alinifuata pale pale, jasho linamtoka. "Haya, wewe na mwalimu wako," akasema. "Kumtoa yule ilikuwa akili au si akili?"

Mwalimu alikuwa pembeni yangu. Aliinamisha kichwa, akakiri kwamba kweli, alikuwa amemwona mjomba mkubwa kuliko alivyo. Wote wakanigeukia mimi. Mjomba alikuwa hatua tatu kutoka tulipokuwa, amepiga goti, anafungua kamba za viatu. Ningesema ameachia, wangeuliza kwa nini ameachia, na swali hilo lingerudi kwenye mlango wa mama yake. Basi nikapaza sauti ili hata wa mwisho asikie, nikasema hakuwahi kuwa mchezaji, na siku tuliyomtoa tulitua mzigo.

Wakanipigia makofi. Mjomba hakuinua kichwa.

Bibi alikuja akijipangusa vumbi la kucheza, ameukumbatia ule mpira. Alisimama mbele ya mwanawe, akamtazama vizuri kwa yale macho yake mekundu. Hakuwa akijua kanuni hata moja.

"Ng'wana wane, mwanangu," akamwambia, "ulikuwa umesimama vizuri. Mbona umempisha?"

"Amenizidi, mayu," mjomba akasema, akavua kiatu cha pili.