Diwani wetu na somo la Italia

Leo nimecheka mpaka mbavu zinauma, na hasira bado ninayo. Mlio Bwera, mmekosa.

Diwani wetu amerudi kutoka Italia. Alipelekwa kutembelea kamji ka wakulima huko, kako juu ya kilima. Leo akatuita kanisani Kyarumba tuone picha.

Tukaona ukuta wa zamani, mizeituni, na njia ya mawe ya kupanda mpaka juu.

Watalii wanalipa kupita njia hiyo, eti!

Mama Biira, aliyekuwa ametoka kushusha gunia la kahawa kichwani, akauliza, "Wanapanda wamebeba nini?"

"Hawabebi kitu. Wanapanda tu."

Kanisa zima kicheko. (Nani anapanda mlima mikono mitupu?)

Ndipo diwani akatoa lililomleta. Ile barabara tunayoililia kila siku, tuisahau. Njia zetu za miguu ni historia. Tuzitunze, watalii watakuja.

Sawa. Tukamwambia basi twende, uwaonyeshe picha hata watu wa kule juu mlimani.

Kona ya pili hakuifikia. Shati limelowa, viatu vya Italia vimejaa matope, akakaa juu ya jiwe. Mama Biira alikuwa mbele, projekta ya mheshimiwa iko kichwani kwake.

"Kwani hakuna boda inafika huku?" diwani akauliza, anahema.

Mama Biira akageuka. Projekta haikutikisika.

"Boda ipite wapi, mheshimiwa? Hii ni historia. Tunaitunza."

Mwenye picha ya diwani pale kwenye jiwe aiweke hapa chini. Kivutio cha kwanza cha Kyarumba tumekipata.