Anayetwanga Unga wa Mama Maria

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Paskali Ntandu anataka hilo liandikwe mwanzoni kabisa, msomaji asije akalikuta katikati ya habari akadhani limefichwa. "Nimeficha vya kutosha," anasema, macho yake yakiwa chini kwenye kinu.

Ni asubuhi hapa Mwankoko, nje kidogo ya mji wa Singida. Umande bado uko majanini, na Paskali, mwanamume wa makamo mwenye mabega ya kubebea magogo, anatwanga uani, mlango wa boma ukiwa wazi. Kila apitaye na ng'ombe wake njiani anamwona. Na kila anapoonwa, mchi wake unakosea pigo moja. Kisha anaendelea.

Kinuni mna majani makavu ya mlenda na kunde. Vumbi la kijani linapanda, linamkaa kwenye nyusi na masharubu, hata anafanana na ukuta ulioota kuvu. Hajifuti. Anasema akijifuta mapema atajifuta mara mbili.

Sokoni bidhaa yake inaitwa unga wa Mama Maria. Mama Maria ni Klara, mkewe. Kwa muda mrefu mji mzima uliamini kuwa mikono ya Klara ndiyo inayotwanga. Hakuna aliyedanganywa, Paskali anajitetea. Ni kwamba hakuna aliyeuliza, na wao hawakuona sababu ya kujibu.

Anayejua kiangazi cha Singida anajua thamani ya unga huo. Mvua zikikata, kijani kinahama nchi. Watu wanabaki na ugali wa uwele, na maziwa kwa aliye na ng'ombe anayekamulika. Watoto wanapasuka midomo, fizi zinatoka damu, na jua likizama wapo wanaopapasa ukuta kutafuta mlango ambao mwenzao anauona.

Dina, muuguzi wa hospitali ya Kiomboi, hataki mtu aseme kuwa unga ni dawa. "Aliyekwisha kuugua aje hospitali," anasema. "Lakini mtoto anayekula majani mwaka mzima, na unga wa ubuyu kwenye uji wake, simwoni mara kwa mara. Nami napenda sana nisiwaone."

Kazi yenyewe inaanza masika, majani yakiwa machanga. Yanaoshwa, yanatumbukizwa kidogo kwenye maji ya moto, yanatolewa kabla hayajalegea. Kisha yanatandazwa kivulini, penye upepo. Wengi huyaanika juani kwa haraka zao, na jua linayanyang'anya rangi na ladha. Jani likivunjika kama ganda la yai, limekuwa tayari kwa kinu. Linatwangwa, linachekechwa, makapi yanarudi kinuni. Ubuyu unatwangwa polepole, unga uachane na mbegu bila mbegu kupasuka. Vyote vinatiwa vibuyuni na kuzibwa, unyevu usiingie.

Paskali aliyajua hayo tangu utotoni kwa kumtazama mama yake, ila hakuwahi kushika mchi. Katika ukoo wao mchi ni wa mwanamke, kama mkuki ulivyo wa mwanamume. Kisha vita vikampeleka Burma, akiwa mpishi wa askari. Huko akafunguliwa debe la kabichi kavu. Ukilimwagia maji ya moto linafufuka. Wenzake wakashangaa. Yeye akajisifu mbele yao kwamba kwao hilo ni jambo la kila kiangazi.

"Burma nilijivunia kinu cha mama yangu," anasema. "Niliporudi nyumbani nikaona aibu kukigusa."

Alikigusa kwa lazima. Klara alikuwa juu ya paa bapa la tembe yao akitandaza majani chini ya kibanda cha nyasi, akateleza, akaangukia bega. Bega likapona nusu. Kubeba mtoto aliweza; kuinua mchi hakuweza. Na unga ndio uliokuwa ukilipa kodi, ukinunua chumvi na nguo za watoto.

Basi Paskali akakiingiza kinu chumba cha ndani, kile cha ndama, akafunga mlango. Likabaki tatizo la sauti. Pigo la mwanamume ni zito, na kinu kinacholia bila wimbo kinawafanya majirani waulize. Klara akawa anakaa kizingitini akiimba, mume wake ndani akitwanga kwa kuufuata wimbo.

"Mdomo wangu, mikono yake," anasema Klara, na hapo ndipo mumewe anapougeukia ukuta.

Siku ya mkosi, Dina alikuja kutoka Kiomboi kuuona unga unavyotengenezwa, apate kuwafundisha akina mama wa huko. Aliyemwongoza njia ni Hana, mama mzazi wa Klara, mwanamke mfupi anayesikia hata kisichosemwa. Klara alipoona wageni alikata wimbo, akakimbia kuwapokea. Akasahau jambo moja tu: mume wake, mdundo ukishamkolea, hutwanga hata wimbo ukikatika, wala hasikii ya nje.

Salamu zikaanza, shikamoo na marahaba, habari za safari, za watoto, za mvua. Salamu za huku hazina haraka. Na muda wote huo, mwenye kinu akiwa amesimama uani mbele ya wageni, ndani kulikuwa kukilia tu, tu, tu.

Dina akauliza kwa adabu ni nani anayetwanga. Klara, kwa kukosa jingine, akasema ni mgeni.

Hana akamtazama binti yake. "Mgeni gani huyo anayepewa mchi kabla ya maji?"

Akaingia. Hapa msomaji ajue kwamba kwao mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja hupinda. Na Paskali alikuwa kifua wazi, amejifunga kanga ya mkewe kiunoni ili suruali isichafuke. Alipokiona kivuli cha mkwewe mlangoni, hakuwa na pa kupinda. Akajitupa ndani ya kihenge cha nafaka, akisahau kwamba humo ndimo alimotia unga uliochekechwa.

Akapiga chafya.

Hana tayari alikuwa amegeuka, mgongo ukitazama kihenge. Akasema na ndama. "Wewe ndama, mwambie aliyemo humo atoke. Mimi sikuona mtu."

Alipotoka, Paskali alikuwa wa kijani toka nywele hadi kucha. Dina alijitahidi asicheke, akamwomba aende Kiomboi kuwaonyesha akina mama kazi hiyo. Paskali akakataa. Kabla ya jua la utosi habari ilikuwa imefika sokoni, na kwenye kilabu cha pombe watu walikuwa wakiigiza chafya yake.

Hakutoka nje. Aliacha kutwanga, vibuyu vikaisha unga, wanunuzi wakarudi mikono mitupu. Kila Klara alipomkumbusha watoto wa Kiomboi, alijibu kwamba wana mama zao.

Leo anajiandaa kwenda. Wiki ijayo lori la mizigo litamchukua pamoja na kinu chake. Akirudi anataka kujenga banda refu la kukaushia majani, ili Klara asipande tena juu ya tembe. Anakiri kwamba akina mama wa Kiomboi watamcheka. "Aibu ninayo, itapanda lori pamoja nami," anasema. "Ila safari hii haitakaa kihengeni."

Ukimuuliza ni nini kilichokitoa kinu nje, anatwanga kwa nguvu zaidi. Klara ndiye anayesimulia.

Ni siku kaka yake, Simeoni, alipokuja na wazee wawili kumchukua. Alisimama uani akasema nyumba ambayo mume anatwanga haina mume, na dada yake atarudi kwao pamoja na watoto. Wazee wakatikisa vichwa. Klara akalia. Paskali, ambaye Burma alipika chini ya mabomu, alikaa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu. Kisha Simeoni akaongeza kwamba yeye, mwanamume, hawezi kutia mdomoni kitu kilichotwangwa na mwanamume.

Hana alikuwa nyuma ya ukuta, mgongo ukielekea kwa mkwewe kama desturi inavyotaka.

"Simeoni mwanangu," akasema, "kiangazi chote ulikula hapa chakula cha unga huo, ukaomba bakuli jingine. Sasa kitapike kwanza. Ukimaliza, dada yako atafunga mzigo."